Mradi wa karata barazani, Malindi: nilikofika mpaka sasa

Wiki ya 1, Jumanne

Naanza kuandika leo manake kila siku nasema ntakumbuka na sikumbuki. Mradi wenyewe ni hivi. Khalati ana gesti huku mji wa kale, vyumba sita, na mimi ndio niko pale mbele, napokea wageni, nafua mashuka, nakaanga mayai, kila kitu. Kusi limekolea, Sabaki imemwaga tope lake lote mpaka maji ya ufukweni yamekuwa rangi ya chai ya maziwa, maboti ya kupeleka watu kuona samaki yanatoka siku moja yanalala tatu, kwa hivyo wageni wako ndani na simu zao. Alafu stima inapotea. Ikipotea na intaneti nayo imeenda, hapo ndio unawaona wanatoka vyumbani mmoja mmoja kama kaa mashimoni, wanakuja kukaa barazani wanatazamana. Mpolandi hajui Kifaransa, Mfaransa Kiingereza chake cha kuokota okota, mimi Kitaliano changu ni kile cha sokoni kama wengi wetu hapa Malindi, na sasa tuna mama na binti yake kutoka Korea, wao wanatabasamu na kuinamisha kichwa basi.

Jana usiku nikatoa karata. Nikasema leo nawafundisha kadi, mchezo gani rahisi kama kadi, hata watoto wa chuoni, wa madrasa, wanaucheza. Nikachukua apu ya kutafsiri kwa simu (bando yangu mwenyewe), nikaongea sheria moja moja, nikawaonyesha kioo. Ilipofika "okota mbili" yule Mpolandi akainama akaanza kutafuta kitu chini ya meza. Wallahi. Akatafuta mpaka akapata kifuniko cha soda akanipa.

Dakika hamsini na hatujacheza hata raundi moja, stima ikarudi, wote wakapotea tena vyumbani.

Kwa hivyo mradi: nataka kufika mahali mgeni yeyote akikaa hapa, awe wa lugha yoyote, acheze bila mimi kueleza. Kipimo changu ni dakika. Nahesabu tangu kugawa mpaka watu wamalize raundi nzima bila mimi kutia mkono. Rekodi ya kwanza: 50, na haikufika.

Wiki ya 1, Ijumaa

Nimeacha kuongea. Simu nimeweka kando.

Njia mpya: raundi ya kwanza karata zote zinalala wazi mezani, kila mtu anaona za mwenzake, hakuna siri hakuna kushinda. Mimi nacheza zamu yangu polepole, alafu nasubiri. Mtu akikosea sisemi hapana, nachukua karata yake namrudishia nagusa ile inayofaa. Raundi ya pili wanashika mkononi.

Yule mama wa Kikorea alielewa kwa dakika kumi na moja. Kumi na moja! Na sikumwambia neno. Tena yeye ana mkono wa ajabu, akiweka karata anaipiga mezani paa, glasi zinaruka. Binti yake akaona haya, akanionyesha kwa simu picha za karata za kwao, vidogo vigumu vya maua, hwatu zinaitwa, ziko 48, na kumbe ndio zinavyochezwa, unazibamiza juu ya blanketi. Sasa sisi meza yetu ya mbao haina blanketi. Khalati akatoka jikoni akidhani kuna watu wanapigana.

Kwa mtu asiyejua kadi ya Kenya, manake najua na watu wa Unguja wanasoma hapa, ni hivi kwa ufupi: unagawa nne nne, unafunua moja, kila mtu anafuata namba ama aina. Mbili inamwokotesha wa mbele mbili, tatu inamwokotesha tatu, joka tano. J inamruka mtu. K inarudisha mchezo nyuma. Ree, yaani A, ni ya kuomba, unaitisha aina unayotaka, na pia inakukinga ukiokoteshwa. Q na nane ni maswali, ukiweka swali lazima uweke na jibu lake juu, la aina ile ile, huna jibu unaokota. Humalizi na karata ya nguvu. Na kabla hujamaliza lazima utangaze "niko kadi", ukisahau shauri yako. Kila mtaa una vyake vya kuongeza lakini sisi tunacheza hivyo.

"Niko kadi" nimeibadilisha. Mtu anagonga meza mara mbili. Mama wa Kikorea anagonga mpaka vumbi.

Wiki ya 2, Jumatatu

Nilidhani nimemaliza mradi. Kumbe.

Wamekuja Wajerumani wanne, vijana wa chuo kikuu, wako na mabegi makubwa kuliko wao. Nikaweka karata wazi kama kawaida, raundi ya kwanza haijafika nusu mmoja akapiga kelele kwa furaha, "Mau-Mau!"

Sasa, Ami alikuwa amekaa pale kwenye kiti chake cha kamba. Ami si ami wangu wa damu, ni mvuvi wa zamani, jirani, anakaa barazani kwetu toka alasiri mpaka adhana ya magharibi, na ni mtu aliyezaliwa kabla ya uhuru. Aligeuka kama ameitwa na polisi. "Wanasema nini hawa?" Nikamwambia Ami hata mimi sijui. Yule kijana akaona uso wa mzee akaogopa, akaanza kuonyesha karata kwa vidole, Mau-Mau, Mau-Mau, anacheka anataka sote tucheke. Ikabidi mwenzake mwenye Kiingereza aeleze: ni jina la mchezo kwao, watoto wote wa Ujerumani wanaujua, unafuata namba ama aina, saba inaokotesha mbili, nane inamruka mtu, na J ndio ya kuomba. Yaani ni kadi yetu kabisa ila wamehamisha vyeo. Ami akasema basi waambie hilo jina hapa wasilipige kelele njiani, kuna watu waliolala korokoroni kwa ajili yake. Nikamtafsiria mwenzao, wakanyamaza, mmoja akampelekea Ami kahawa. Ikaisha hapo.

Lakini mchezo haukuisha hapo. Ndio mchezo mgumu kuliko yote niliyofundisha. Wanajua tayari, na wanachojua si chenyewe. Mimi naweka saba ya kawaida tu, wa mbele ananyoosha mkono anaokota mbili. Mimi naweka J kumruka mtu, wanasubiri niitishe aina. Wao wakiweka nane wanakaa, wanadhani wameruka mtu, mimi nasubiri jibu la swali. Kila mtu anaona mwenzake ndio mjinga. Dakika 40 na zaidi, mara nne ya yule mama ambaye hajawahi kushika karata za namna hii.

Nilipokuwa naosha vikombe nikawaza: asiyejua kitu unamfundisha mara moja. Anayejua karibu karibu inabidi kwanza umsahaulishe.

Wiki ya 2, Alhamisi

Mtihani wa pili wa jambo lile lile. Yule Mpolandi wa kifuniko bado yuko (ameongeza siku, anasema anapenda mbaazi na mahamri ya asubuhi, Mungu ambariki). Leo nimemwekea karata wazi, akaangalia mbili, akaangalia tatu, akasema "Makao". Kwao wana mchezo unaitwa Makao, na mbili yao inaokotesha mbili, tatu inaokotesha tatu, A inaomba aina, kama sisi! Nikafurahi. Dakika tisa, rekodi. Tofauti kubwa aliyonasa ni ya kuruka mtu, kwao ni nne na kwetu ni J, basi kila nikimwekea nne alikuwa anajiruka mwenyewe, anatikisa kichwa ananyamaza, anaacha zamu yake ipite. Nilimwacha mara mbili kwa sababu nilikuwa nashindwa. Mtanisamehe.

Wafaransa nao nane yao ndio ya kuomba.

Kwa hivyo nimebadilisha mwanzo wote. Sasa kabla sijagawa, naweka karata zote za aina moja kwa mstari, ree mpaka K, nawapa wageni wao kwanza. Naashiria kwa mkono, kwenu? Wananionyesha ipi ina nguvu. Ile yenye nguvu kwao na haina kwetu naigeuza uso chini, kuonyesha hapa imelala. Ile yenye nguvu kwetu naisogeza mbele, naweka komwe juu yake: komwe mbili kwa mbili, komwe tatu kwa tatu. J naweka njiti ya kiberiti imevuka juu. K mshale nimeuchora kwa kipande cha boksi. Mtu akiona nane yake imelala kifudifudi anaguna, lakini anaelewa. Inachukua kama dakika tano, na zinarudi zote.

Wajerumani nimewarudia jioni kwa njia hii: 14.

Tatizo lingine dogo, herufi. Wafaransa walikuwa na pakiti yao, na karata zao hazina J, Q, K, zina V, D, R. Za Wajerumani zina B, D, K. D ni yule yule mwanamke kote kuwili lakini B na V ni kijana mmoja ana majina mawili kama mtu mwenye vitambulisho viwili. Nimeamua: karata ni zangu, pakiti zao zinakaa begini.

Wiki ya 3

Swali. Hili swali limenisumbua siku sita.

Kila kitu kingine kina ndugu yake kwenye michezo ya watu hawa lakini Q na nane za kwetu, kwamba unaweka karata na bado unadaiwa nyingine, hilo hakuna hata mmoja aliyekuja nalo kutoka kwao. Nimejaribu kufungua viganja kama mtu anayeuliza. Wakadhani nalalamika. Nimejaribu kuchora alama ya kuuliza kwenye kikaratasi, binti mmoja akadhani namuuliza yeye kama ameelewa, akajibu ndiyo. Nimejaribu kucheza zamu mbili mfululizo, wakadhani naiba.

Aliyetatua ni mtoto wa dada yangu, ana miaka minane, alikuja Jumamosi baada ya chuo. Yeye akiweka Q hatoi kidole. Kidole kinabaki juu ya karata kimeibana mezani, mkono wa pili unatafuta jibu, akishaliweka juu ndio anatoa kidole. Hakufundishwa na mtu, ni tabia yake tu, anaogopa kupitwa. Lakini mgeni akiona kidole bado kiko anajua zamu haijaisha. Huna jibu? Kidole kinabaki pale, mkono wa pili unaenda kuokota, ndio unatoa. Ah!

Siku hizi wageni wote wanaweka kidole, hata waliokwisha kuelewa. Nimemnunulia mabuyu ya shilingi ishirini, akadai hamsini.

Na lingine la kuweka kwenye rekodi: pesa. Kijana mmoja wa kutoka Uingereza alitoa noti ya mia mbili akaibandika katikati ya meza, si kwa ubaya, ndio mazoea yao. Kabla sijafika Ami ameshaiona. Mamangu mzazi hata karata zenyewe hazipendi, kwake karata ni za wahuni wa chini ya mwembe, na khalati alinikubalia mradi kwa sharti moja, hakuna kamari chini ya paa lake. Nikachukua noti nikaitia mfukoni mwake yule kijana mwenyewe, nikamwekea rundo la komwe. Zile komwe ni za bao la Ami, ameniazima kwa masharti kama benki. Alielewa. Tukiskia adhana ya magharibi pia tunazifunika karata, na hilo sijawahi kulieleza kwa mtu, wanaona tu watu wanainuka.

Wiki ya 4, njiani kwenda Lamu

Hii naandika kwa simu ndani ya basi lisilotembea.

Naenda harusi ya binamu yangu Lamu. Kwa bahati wale Wafaransa wawili wa gesti wanaenda huko pia, tukapanda gari moja saa mbili asubuhi. Tumepita Garsen vizuri, Witu vizuri, kabla hatujafika Hindi gari likakohoa likazima. Utingo akaingia chini na spana, akatoka, akaingia tena. Jua hilo. Watu wakashuka wakatafuta kivuli.

Nikatandika leso chini ya mti nikatoa pakiti. Nimefundisha Wafaransa kwa hivyo wao sasa ni walimu wasaidizi. Akaja kijana mmoja ana kuku wawili kwenye kikapu, na mama mmoja wa Kisomali mwenye chupa ya chai, Kiswahili chake salamu tu, anauza vitambaa. Alipoona pakiti akasema "turub", mimi nikasikia turufu nikadhani anaitisha turufu, kumbe ndio jina la karata kwao. Akakataa kucheza. Akakaa pembeni anaangalia. Raundi ya tatu akanyoosha mkono akagusa karata moja mkononi mwa yule Mfaransa mwanamke, kama kusema hii mjinga wewe, weka hii. Akashinda. Raundi ya nne mama ndio anacheza na Mfaransa ndio ameshika karata tu, kama kishikio. Sijafundisha kitu pale. Yeye alijifunza kwa kuangalia makosa ya watu dakika ishirini, hajala aibu hata moja. Nimeandika hili kwa herufi kubwa kwenye daftari: KITI CHA MTAZAMAJI. Si kila mtu anataka kuanza kwa kukosea mbele za watu, na watu wazima ndio zaidi.

Alafu upepo. Upepo ukainua ncha ya leso karata zikaruka kama njiwa, tukazikimbiza mpaka kichakani, tukapata zote isipokuwa moja. Saba ya kopa. Tumeitafuta mpaka kuku wa yule kijana wakashukiwa. Nimekata kipande cha katoni ya biskuti, nimechora kopa saba kwa kalamu nyekundu ya utingo.

Gari limewaka. Mama wa chai hakutaka hela ya chai.

Wiki ya 5, Lamu alafu nyumbani

Harusini sikucheza, nilijaribu kutoa pakiti usiku wa pili kwa wanawake wa ndani, bibi mmoja akauliza "Mwateza nini?" kwa sauti ile ya Kiamu inayomaliza mazungumzo. Nikairudisha kwenye mkoba.

Nimerudi Malindi Jumatano nikakuta Wareno wawili, mume na mke, wamekuja kuona nguzo ya Vasco da Gama, wamepiga picha wameunguzwa na jua wamerudi. Stima ikapotea saa moja usiku. Nikapanga ule mstari wangu, na yule mke akaanza kutaja aina kwa lugha yao, anagusa moja moja: espadas, copas, ouros, paus.

Nikamwambia rudia.

Espadas, shupaza. Copas, kopa. Ouros, uru. Paus, pao. Nywele zilinisimama. Nimekuwa nikisema uru maisha yangu yote sijawahi kujiuliza uru ni nini, ni dhahabu! Shupaza ni panga. Pao ni magongo. Na karata yenyewe ni carta yao, turufu ni trunfo yao. Najua shuleni tulifundishwa meza na bendera na leso ni za Wareno, na kwamba Vasco da Gama alitia nanga hapa 1498 akapewa rubani wa kumvusha mpaka India, lakini hakuna mwalimu aliyetufundisha karata, pengine kwa sababu zile zile za mamangu.

Asubuhi yake nikamwita Ami mapema. Ami hachezi kadi, anasema kadi ni ya watoto. Yeye ni wa wahedi wa sitini. Unatoa nane, tisa na kumi zote zinabaki karata 40. Ree ina pointi 11. Saba, ambayo yeye anaiita seti, ina 10. Mzungu wa nne, yaani K, ana 4, mzungu wa tatu ambaye ni J ana 3, mzungu wa pili ambaye ni Q ana 2, na zingine zote ni magarasa. Kila aina inakuja 30, aina nne 120, ukifika 61 umeshinda, ndio jina. Ukitaja wazungu wa karata mbele ya wazungu wa kweli wanageuka, nimezoea.

Wakakaa Ami na yule Mreno mume. Hakuna mstari, hakuna komwe, hakuna kidole. Ami akachanga, akagawa tatu tatu, akafunua turufu, yule Mreno akatazama saba, akatazama J, akatikisa kichwa akacheza. Kwao unaitwa bisca, na ni ule ule, mpaka J kumpita Q. Dakika: 0. Nimeandika sifuri na duara. Walicheza masaa matatu hawakubadilishana neno isipokuwa Ami kusema "ehe" na yule kusema kitu kilichokuwa pia ni "ehe".

Kitu kimoja cha kuchekesha, ile saba yangu ya katoni. Nyuma inajulikana. Pointi kumi zinakuja mkononi mwa mtu na baraza zima linajua ziko wapi.

Wiki ya 6 na ya 7 pamoja

Nimechelewa kuandika kwa sababu ya vita.

Kuna mzee Mtaliano anakaa nyumba za kule njia ya Casuarina, ni wa zamani hapa lakini Kiswahili chake ni cha kuagiza chakula. Sisi tunamwita Nonno, babu kwa lugha yao. Alipita dukani kwa jirani kununua gesi, akamwona Ami anacheza peke yake anajipanga, akasimama. Akahesabu kwa vidole, akasema "briscola". Akavuta kiti bila kukaribishwa, na Ami akamgawia bila kuuliza, nikasema alhamdulillahi, sifuri nyingine hii.

Raundi ya kwanza Nonno anatupa saba ya uru kama takataka. Ami akaila, akamtazama kwa huruma kama mtu amepoteza akili. Zamu mbili mbele Ami anatupa tatu ya shupaza, garasa, Nonno akaila akabusu vidole. Mwishoni wanahesabu. Kila mmoja ana zaidi ya 61. Wote wawili wameshinda.

Basi. Sauti zikapanda. Nimekimbia kutoka jikoni nikiwa na mwiko.

Kumbe kwa Wataliano ni 40 vile vile, 120 vile vile, 61 vile vile, ree 11 vile vile, lakini ile ya kumi si saba, ni tatu. Saba kwao ni garasa. Na si hilo tu, J ana 2 na Q ana 3, kinyume cha sisi. Ami aliposikia Q kumpita J hakuwa na la kusema, alipoona Nonno anachora kwenye vumbi farasi, ndio tukachanganyikiwa wote. Farasi? Siku ya pili Nonno akaleta pakiti yake ya kwao, ndogo nyembamba, za Napoli, na hakuna mwanamke ndani yake kabisa. Kuna kijana, kuna mtu juu ya farasi, kuna mfalme. Q yetu amekaa kiti cha farasi. Ami akasema ndio maana, mnyama huyo ana mbio. Akazishika zile karata mmoja mmoja. Vikombe, panga, sarafu, magongo. Nonno akagusa kikombe akasema "coppe". Ami akasema "kopa". Nonno akasema "coppe". Ami akasema "ndio, kopa!" kwa hasira kidogo kama mtu anayekatizwa. Upanga, "spade", na Ami "shupaza", na hapo wakaanza kucheka wote wawili, mimi nimesimama na mwiko wangu.

Kucheka hakukumaliza vita lakini. Hawa ndio karibu karibu kuliko wote, na ni wazee, na kila mmoja ana miaka sitini ya uhakika. Nikajaribu njia ya kugeuza saba kifudifudi, Ami akaifunua. Nikajaribu komwe kumi juu ya tatu, akachukua komwe zake, anasema ni zake. Hata zamu waligombania, manake Nonno anagawa kwa mkono wa kulia kuzunguka, kinyume na saa, mpaka ikabainika Ami naye alikuwa anazunguka hivyo hivyo, ni mimi tu niliyezoea upande mwingine kwa ajili ya kadi, na nilikuwa nawarekebisha bure. Nikafukuzwa mezani. Mwalimu mkuu wa mradi, nimefukuzwa.

Walichoamua wenyewe, sijui siku gani kwa sababu nilikuwa nafua: raundi moja ya saba, raundi moja ya tatu. Raundi ya nani ni hii wanajua kwa kofia. Kofia ya Ami ikiwa mezani, saba inatawala na J anampita Q. Kofia ya Nonno ikiwa mezani, ni tatu. Ninapita na trei naangalia kofia.

Dakika: niliandika 2 kwa utani, yaani wiki mbili.

Wiki ya 8

Hali ya mradi ilivyo. Mstari wa "kwenu?" unabaki. Karata wazi raundi ya kwanza, inabaki. Kidole, kinabaki, na kimeenda mpaka Watamu, mgeni mmoja alinitumia picha wanacheza huko na kidole kiko juu ya Q. Kiti cha mtazamaji nimekiweka kweli, ni kile cha plastiki kilichopasuka mkono, hakuna anayelazimishwa kutoka pale. Ule mchezo wa kupiga kofi J akitokea nao nimejaribu na watoto wa wageni, haukuhitaji mradi wowote, unahitaji mafuta ya kupaka mkono. Wastani wangu wa kadi kwa sasa ni kama dakika 12, nikiwatoa Wajerumani wa kwanza. Wiki ijayo tumeandikishiwa Wacheki watano. Nimeambiwa nao wana wao, saba inaokotesha mbili na A ndio inaruka mtu, nimeshaanza kukata boksi.

Nonno anasafiri Jumapili kwenda kuona wajukuu. Jana alikuja na kibahasha. Alikuwa amechoshwa na ile saba ya katoni, ameisema kila siku kwa Kitaliano na kila siku Ami amejibu kwa Kiswahili na nadhani walikuwa wanasema kitu kimoja. Ndani ya bahasha ni saba ya vikombe, ametoa kwenye pakiti yake ya Napoli. Nikamwuliza kwa Kitaliano changu cha sokoni, si utabaki na pakiti mbovu? Akasema atanunua nyingine huko. Ami akauliza mbona hakuleta saba ya sarafu, imepambwa zaidi. Nonno akaishika ile ya sarafu kifuani kwa viganja viwili. Hiyo hatoi, kuna mchezo wao mwingine, scopa, ambao hiyo moja peke yake ni pointi.

Tukaiweka saba mpya ndani ya pakiti yetu. Ni nyembamba kuliko zetu, karibu upana wa kidole, na mgongo wake ni rangi nyingine kabisa. Ami akachanga, akagawa tatu tatu, na kabla hata sijakaa kila mtu barazani ameshaona iko kwa nani. Iko kwa Ami. Akavua kofia yake akaiweka mezani.